Theluji ikirudi mwishoni mwa msimu: bomba, kibanda, sinia au shahamu kwa ndege wa uani?

Theluji ya mwishoni mwa msimu huja watu wakiwa wameshasahau koleo. Matumba yameanza kuvimba mitini, ndege waliohama wamekwisha kurudi, alfajiri zimejaa nyimbo. Halafu unaamka siku moja ya mwisho wa Machi, au hata katikati ya Aprili, unakuta ua wote mweupe na kimya. Ndipo kila mtu hukimbilia stoo kutafuta kilishio alichokiondoa wiki mbili zilizopita, akajiuliza atoe kipi.

Wengi hutoa kile kile walichotumia Januari. Nami nilifanya hivyo miaka kadhaa, mpaka nilipogundua kwamba jibu la Januari na jibu la Aprili si moja. Ulinganisho huu ni wa Aprili.

Kinachobadilika

Kwanza, theluji yenyewe. Katika baridi kali huwa kavu kama unga, na kipimo kinachotumika sana kwa theluji ya kawaida ni kwamba sentimita 10 zikiyeyuka hutoa sentimita 1 ya maji. Ile ya mwishoni mwa msimu imejaa maji; sentimita 5 zinaweza kutoa kiasi hicho hicho. Inanata kwenye waya, kwenye tawi, kwenye tundu la kilishio. Mchana jua linaiyeyusha, usiku inaganda upya, na mbegu zilizolowa jioni zinaamka asubuhi zikiwa tofali. Adui wa kilishio wakati huu ni maji kuliko baridi.

Pili, walaji. Ndege waliokaa hapo kipindi chote cha baridi wanaijua kazi yao. Chikadii wa kofia nyeusi, ndege wa Amerika Kaskazini mwenye uzito wa gramu 11 hivi, hushusha joto la mwili wake usiku kwa nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi ili asimalize mafuta aliyoyaweka mchana, na huficha mbegu moja moja kwenye nyufa za magome kisha akakumbuka alipoziweka. Kwake theluji ya Aprili ni usumbufu wa siku mbili.

Wenye shida ni wale waliorudi mapema. Robini wa Marekani amefika akitegemea nyungunyungu, na sasa ardhi imefunikwa. Ndege-buluu anatafuta wadudu ambao wamejificha. Huko Ulaya, ndege weusi wa bustani nao wanapekua majani yaliyooza chini ya vichaka, wakikuta barafu. Hawa ama hawali mbegu ngumu, ama wanakula ardhini tu. Unaweza kutundika bomba limejaa alizeti pomoni, na robini akapita chini yake akihangaika na theluji kana kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo nimevipima vilishio kwa maswali mawili. Je, chakula kitabaki kikavu? Na je, mwenye njaa hasa ataweza kukifikia?

Bomba dhidi ya kibanda

Bomba ni lile la plastiki angavu, lenye matundu madogo na vijiti vya kutua. Linalinda mbegu vizuri dhidi ya theluji kavu, linabagua ndege wakubwa, na linatupa raha ya kuwatazama chikadii na chiriku wakipokezana: chikadii mmoja anachukua mbegu, anaruka hadi tawini, anaishikilia kwa miguu na kuigonga mpaka ipasuke, huku mwenzake tayari yupo tunduni. Kwa mtazamaji anayeanza hakuna kilishio kinachofundisha upesi kuliko hiki, kwa sababu kila ndege anakaa mahali pamoja kwa sekunde chache, ubavu kwako.

Lakini theluji ya maji ni maradhi ya bomba. Matone yanaingia matunduni, yanateremka hadi chini na kuganda, na zile sentimita chache za mwisho za mbegu zinageuka donge. Juu mbegu zinaonekana nyingi, chini hakuna kinachotoka. Niliwahi kudhani ndege wamelihama bomba langu kumbe matundu yote ya chini yalikuwa yamezibwa na barafu. Ukilitumia, jaza theluthi moja tu, litundike chini ya kofia pana ya plastiki au paa la nyumba, na kila asubuhi uligonge kidogo kusikia kama mbegu zinatembea.

Bomba la matundu membamba kwa ajili ya mbegu ya nug ndilo baya kuliko yote wakati huu. Nug, ile mbegu nyeusi nyembamba kutoka nyanda za juu za Ethiopia ambako hukamuliwa mafuta, hupendwa sana na chiriku wa dhahabu. Ikiingizwa Marekani hupitishwa kwanza kwenye joto kali ili isiote. Ni mbegu nzuri, ila ikishalowa hushikana na kuota ukungu upesi, na matundu yake ni madogo mno kuisaidia kukauka. Iweke ndani hadi anga litakapotulia.

Kibanda ni kile chenye paa na kuta mbili, mbegu zikishuka zenyewe hadi kwenye kingo. Paa ndilo linalokipa ushindi. Likitokeza sentimita kadhaa nje ya kingo, theluji nyingi inateleza pembeni na mbegu zinabaki kavu kuliko kwenye bomba. Kingo zake pana zinamruhusu kardinali, ambaye hapendi vijiti vyembamba, na hata njiwa-lia akijibana. Udhaifu wake ni kwamba hubeba mbegu nyingi mno. Ukikijaza mpaka juu na maji yakapenya kwenye kona moja, kilo mbili zinaoza bila wewe kuona, kwa kuwa za juu zinabaki safi.

Nikiwalinganisha hawa wawili peke yao, kwa Januari ningechagua bomba na kwa Aprili kibanda. Hata hivyo vyote viwili vinajibu swali la kwanza zaidi ya la pili. Vinawalisha waliokuwa wanaishi hapo tayari, na hao hawako taabani kama tunavyodhani. Utafiti wa Margaret Brittingham na Stanley Temple katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliochapishwa 1988, ulikuta kwamba chikadii waliokuwa na vilishio walifika mwisho wa majira ya baridi kwa asilimia 69, dhidi ya asilimia 37 ya wasiokuwa navyo. Tofauti hiyo ililetwa na vipindi vya baridi kali kupindukia. Hali ya hewa ilipokuwa ya wastani haikuonekana. Walipokuja kuwaondolea vilishio ndege waliovizoea kwa miaka, hawakufa zaidi ya wengine. Kwa hiyo ukisafiri kwa wiki moja usijilaumu. Na usidanganyike kwamba bomba lako ndilo linalomshikilia chikadii duniani.

Sinia, lenye faida na hatari yake

Sinia ni ubao bapa wenye kingo fupi, mara nyingi chini yake waya wa matundu madogo ili maji yapite. Linatundikwa, linawekwa juu ya nguzo, au linasimamishwa kwa miguu mifupi ardhini. Januari ni kilishio cha ovyo: linajaa theluji, upepo unapeperusha mbegu, kindi wanalifanya meza yao. Theluji ya mwishoni mwa msimu ikianguka, ndilo la kwanza ninalotoa nje.

Sababu ni nani anayeweza kulitumia. Robini, ndege-buluu, ndege weusi, junko (ndege wadogo wa kijivu wa Amerika Kaskazini), shomoro wanaochakura ardhini, wote wanatua juu ya sinia bila kujifunza lolote. Unaweza kuweka juu yake vitu ambavyo bomba haliwezi kubeba: vipande vya tofaa, zabibu kavu zilizolowekwa, mabuu ya mende wa unga, chembe za shahamu. Kwa macho ya mtazamaji, ndilo jukwaa. Wale ambao kwa kawaida huwaoni ila mgongo wao wakikimbia kwenye nyasi, leo wako mbele yako kifua wazi, kwa dakika nzima.

Hapo pia ndipo utaona siasa za ndege. Anayekuja mkubwa humfukuza mdogo, kwa kawaida, ila si kila mara. Hesabu za watazamaji wa Amerika Kaskazini, zilizochambuliwa na kundi la Eliot Miller na kuchapishwa 2017, zilionyesha kwamba njiwa hushindwa na ndege wadogo kuliko wao, na kigogota mdogo wa madoa hushinda zaidi ya uzito wake unavyoahidi. Kaa dirishani nusu saa wakati wa theluji utayaona hayo bila kusoma chochote. Robini mmoja aliyeshiba nusu anaweza kulinda sinia zima dhidi ya robini wenzake, akimaliza nguvu zile zile alizokuja kuzitafuta. Dawa yake ni masinia mawili madogo yasiyoonana, moja mbele ya nyumba na moja nyuma, badala ya moja kubwa.

Hatari sasa. Sinia ndilo linaloeneza magonjwa kirahisi, kwa sababu ndege hula pale pale wanapojisaidia na kutema. Uingereza ugonjwa wa trikomonosi ulionekana kwa chiriku kuanzia 2005 na ukawapunguza sana chiriku wa kijani; vimelea vyake hupita kwenye mate na chakula kilichotemwa. Mwanzoni mwa 2025 RSPB, shirika kubwa la ndege la huko, lilisitisha kuuza vilishio bapa. Majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021, bakteria wa salmonela waliua chiriku wengi wa misonobari katika vilishio vya Marekani. Asije mtu akadhani bomba limetakasika: ugonjwa wa macho wa chiriku wa nyumbani, uliogunduliwa 1994 karibu na jiji la Washington, huenea hata kwenye tundu la bomba, ndege wanapopitisha nyuso zao mahali pale pale.

Kwa hiyo sinia ninalipendekeza kwa masharti, na masharti yenyewe ni magumu. Litoke nje siku theluji imefunika ardhi, lirudi ndani ardhi ikionekana. Lipewe chakula cha kuisha ndani ya saa mbili, kisha lipewe tena. Jioni lisafishwe. Ukiona ndege amejivimbisha manyoya, amekaa tu wala hakimbii ukikaribia, ondoa vilishio vyote kwa wiki mbili hivi, uvioshe kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji, suuza, vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Asiyeweza kusafisha kila siku asitumie sinia. Bora achukue kibanda, na robini atajitafutia mwenyewe.

Shahamu

Kizimba cha shahamu ni kijisanduku cha waya chenye kipande cha mafuta magumu ya ng'ombe, yale yanayozunguka figo. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na mdomo mmoja wa shahamu ni mlo. Haijali maji, haiozi upesi katika baridi, haihitaji paa. Kwa swali la kwanza, hakuna kinachoifikia.

Kwa swali la pili inafanya vizuri kuliko bomba. Vigogota wote wanaipenda, chikadii na titi, ndege wa jamii yao, nao, na wale wanaoshuka shina kichwa chini. Ndege-buluu huijia akibanwa na njaa. Robini anaitaka pia, ila kung'ang'ania waya wima si fani yake. Utamwona akipiga mabawa kama mtu anayejaribu kukaa kwenye kiti kisichokuwepo. Mvunjie vipande vidogo kwenye sinia.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwezi wa Ulaya, ambao Amerika Kaskazini ni wageni walioenea bara zima, humaliza kizimba asubuhi moja. Kizimba kinachofunguka upande wa chini tu, ambapo mlaji lazima aning'inie, huwapunguza sana wao na kuwaachia vigogota. La pili ni jua: baada ya theluji ya Aprili mara nyingi hufuata siku yenye joto, na shahamu mbichi ikilainika huchafua manyoya ya kifua, ambayo ndiyo koti la ndege. Itundike kivulini, au tumia ile iliyoyeyushwa na kuchujwa, ambayo hustahimili zaidi.

Mahali pasipo na kilishio

Kabla hujanunua chochote, chukua koleo. Futa theluji chini ya mti wa majani ya sindano, au kando ya ukuta unaopata jua, kipande cha mita mbili kwa mbili hadi uone udongo na majani. Kwa robini hicho ndicho kilishio bora kuliko vyote, kwani anaanza kula kile alichokuwa anakula juzi. Junko na shomoro watafuata dakika chache baadaye, wakirukaruka mbele na kurudi nyuma kuchakura. Ukitupa kiganja cha mtama mdogo mweupe hapo, umewapata.

Tatizo lake ni paka na panya. Mahali penye paka wa kuzurura, usiwavute ndege ardhini. Na mbegu zinazobaki usiku ni mwaliko kwa panya, kwa hiyo weka kidogo asubuhi na usiweke jioni.

Na tukiri kwamba kuna ambao hakuna kilishio kitakachowafaa. Mbayuwayu waliotangulia kurudi hula wadudu wanaoruka. Wadudu wasiporuka kwa siku kadhaa baadhi yao hufa. Unachoweza kuwapa ni kisanduku cha kiota kilichokauka cha kujibana usiku.

Cha kuweka ndani

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa uchaguzi si mpana. Kwa bomba na kibanda, alizeti nyeusi: ganda lake ni jembamba kuliko la alizeti ya milia, hivyo hata midomo midogo inalimudu, na ina mafuta mengi. Alizeti iliyomenywa inaliwa na ndege wengi zaidi, lakini ikinyeshewa huharibika ndani ya saa chache, basi ibaki chini ya paa. Mchanganyiko wa bei nafuu uliojaa mtama mwekundu ni hasara. Sehemu kubwa itatupwa chini na kuchipua Mei.

Karanga ni nzuri, zisiwe na chumvi na zisiwe na dalili yoyote ya ukungu, maana sumukuvu huua ndege kama inavyodhuru watu. Mabuu makavu yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Yaliyo hai huvutia zaidi kwa kuwa yanacheza, ila yanahitaji bakuli la kingo laini yasitoroke. Matofaa kata nusu, nyama ikitazama juu. Zabibu kavu ni chakula kizuri kwa robini, lakini ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo kama una mbwa ziweke juu asikofika au uziache kabisa. Mkate unajaza tumbo bila kutia nguvu. Maziwa usiwape.

Mahali ambapo ndege wavumaji wamesharudi, maji ya sukari ni kipimo 1 cha sukari kwa vipimo 4 vya maji, bila rangi wala asali. Huganda joto likishuka kidogo chini ya sifuri. Chukua chupa ndani usiku, irudishe kabla hakujapambazuka, kwa sababu ndege huyo huamka na njaa kuliko wote.

Karibu na kioo au mbali nacho

Swali la mahali watu hulijibu kwa kufikiria macho yao, wakati lingefaa kujibiwa kwa kufikiria shingo ya ndege. Makadirio yaliyochapishwa 2014 yaliweka vifo vya ndege wanaogonga majengo Marekani kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka, na madirisha ya nyumba za kawaida yana sehemu kubwa. Siku ya theluji kioo huakisi anga jeupe na miti, na ndege mwenye njaa akishtuliwa na kipanga haangalii.

Daniel Klem, mtafiti aliyelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, alionyesha kitu kinachopingana na akili ya kawaida: kilishio kilicho ndani ya mita 1 kutoka kwenye kioo ni salama kuliko kilicho mita 5. Anayeruka kutoka karibu hajapata kasi ya kujiua. Kwa hiyo chagua ama chini ya mita 1, ama zaidi ya mita 10; eneo la katikati ndilo la mauti. Ukilazimika kuwa katikati, weka alama upande wa nje wa kioo, zikiachana sentimita 5.

Kilishio cha kubandika kiooni kwa vikombe vya mpira kinashinda kwa mtazamaji. Unaona kope, unaona theluji ikiyeyuka mdomoni, huhitaji darubini. Lakini hubeba kidogo, huwatisha wenye haya, na vikombe vyake huachia kioo baridi ikikaza. Pasha kioo joto kwa kitambaa cha maji moto kabla ya kubandika. Cha mbali, kwenye nguzo, kinaleta aina nyingi zaidi, na darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele zikiwa na upana wa milimita 42) inatosha kabisa. Inayokuza mara 10 hutetemesha picha mikononi na hukupa uwanja mwembamba, wakati ndege wa kilishio hawakai. Kiwe mita tatu hivi kutoka kichakani: karibu vya kutosha kukimbilia, mbali vya kutosha paka asiruke kutoka humo.

Vile vilishio vyenye kamera vinavyokutumia picha na jina la ndege kwenye simu vina raha yake ukiwa kazini. Siku ya theluji, hata hivyo, lenzi hufunikwa na tone moja la maji na saa tatu zijazo unapokea picha za ukungu. Zaidi ya hapo kamera inamwona aliyetua, haimwoni robini aliyesimama mita mbili pembeni akiogopa kutua, na huyo ndiye habari ya siku.

Ukitaka macho yako yawe na faida kwa wengine, msimu wa Project FeederWatch, mradi wa kuhesabu ndege wa vilishio unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Birds Canada, huanza tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili, hivyo theluji nyingi za mwisho zinaangukia ndani yake. Kanuni yao ya kuhesabu ni nzuri hata kwa asiyejiunga: andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja. Ukiona robini 3 asubuhi na 5 mchana, andika 5 na si 8, maana huwezi kujua kama wale watatu hawamo katika watano.

Kama ni kimoja tu

Anayeshinda nyumbani na yuko tayari kushika brashi kila jioni, achukue sinia dogo lenye waya chini, pamoja na koleo. Ndiye atakayeona mengi kuliko wote na kuwasaidia waliobanwa kweli.

Anayetoka asubuhi na kurudi jioni, shahamu. Itundike, uende zako. Ukiweza kuongeza kitu cha pili, kibanda kilichojazwa robo.

Mwenye roshani tu au dirisha la ghorofani, cha kioo, pamoja na alizeti iliyomenywa kiasi cha siku moja. Robini hatakuja huko juu, chikadii au titi huenda.

Bomba ningelitoa iwapo tu tayari unalo na una paa la kulitundika chini yake.

Lakini mahali penye dubu weusi, kalenda ndiyo inayoamua. Wanaamka wakati huu huu wakiwa na njaa ya miezi, na mbegu za alizeti kwao ni karamu. Jimbo la New Hampshire huko Marekani, kwa mfano, huwataka watu waondoe vilishio kuanzia 1 Aprili hadi 1 Desemba, theluji iwepo isiwepo. Hapo linabaki koleo. Futa kipande kile cha mita mbili kwa mbili, kata tofaa moja vipande vidogo, uvimwage asubuhi na kuokota vilivyobaki kabla ya jua kuzama. Kisha vuta kiti hadi dirishani. Robini akishaona udongo mweusi katikati ya weupe wote ule, hachelewi kufika.